Masikio ya Mtangazaji: Nani Aingie, Nani Abaki Nje

Kisanduku chenyewe hakitishi. Kinakaa mezani mbele ya mtangazaji wa mpira, kikibanwa na karatasi za majina ya wachezaji upande huu na chupa ya maji upande ule. Usoni kina vitufe viwili vitatu vikubwa na nobu mbili. Nyuma kina matundu ya maikrofoni, ya hedifoni, na ya nyaya zinazokwenda kwenye gari la matangazo. Kampuni ya Studio Technologies ya Skokie, jimbo la Illinois nchini Marekani, imejijengea jina kwa vifaa vya aina hii, na modeli zake kama 220 na 230 ndizo nitakazoziegemea hapa, kwa sababu zinaonyesha wazi namna wahandisi walivyolifikiria tatizo. Watengenezaji wengine wapo, na kwa sehemu kubwa wanapita njia ileile.

Upande wa maikrofoni hauna mengi. Sauti inaingia, inakuzwa, inatoka kwenda hewani. Kitufe kimoja kinaikata mtangazaji anapotaka kukohoa, kingine kinaihamisha ili azungumze na prodyuza bila watazamaji kusikia. Fundi mitambo anapanga mara moja, anasahau. Kazi iko upande wa hedifoni, na hapo ndipo vituo vingi hufanya mambo harakaharaka: hedifoni inachomekwa, mtangazaji anaulizwa "Unasikia?", anajibu "Nasikia", yamekwisha. Swali lenyewe halifai. Anayevaa hedifoni uwanjani hakosi kusikia kitu. Aulizwe anamsikia nani, katika sikio lipi, na ni yupi kati ya hao ambaye yeye mtangazaji anaweza kumnyamazisha kwa kugeuza nobu.

Hebu tuwahesabu wanaobisha hodi. Kuna matangazo yenyewe, yaani sauti kamili inayokwenda kwa watazamaji pamoja na vifijo vya mashabiki. Kuna prodyuza anayetoa maelekezo, na wakati mwingine mkurugenzi wa picha naye anataka neno. Kuna mchambuzi aliyeketi kiti cha pili. Kuna mtu wa takwimu. Kuna mwandishi aliye pembeni mwa uwanja karibu na mabenchi. Na kuna sauti ya mtangazaji mwenyewe, ambayo ndiyo yenye balaa kuliko zote, tutaifikia. Sauti saba, masikio mawili, na katikati yake mtu anayetakiwa atambue kwa mbali ni nani aliyegusa mpira. Kupanga vyanzo vya hedifoni kwa hiyo ni kazi ya kukataa. Fundi anayeona aibu kumkatalia mkurugenzi humwachia mtangazaji zogo, na zogo hilo hutokea hewani kama kigugumizi.

Ndiyo maana nashauri karatasi itangulie bisibisi. Chora safu mbili, sikio la kushoto na la kulia, kisha andika kila chanzo mahali pake na kiwango chake, kikubwa au kidogo. Kile kisichopata nafasi kipitie kwa prodyuza. Mtu wa takwimu, kwa mfano, hana haja ya laini yake kwenye sikio la mtangazaji. Akiandika namba kwenye karatasi au kwenye kioo cha kompyuta, zitasomwa vizuri zaidi kuliko akizinong'oneza wakati kona inapigwa.

Sasa sauti ya mwenyewe. Mtangazaji aliyefunikwa masikio na hedifoni nzito, katika kelele za uwanja kama Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, hajisikii. Asiyejisikia hupiga kelele, na kufikia kipindi cha pili koo limekwisha. Lazima basi sauti yake imrudie masikioni kwa kiasi. Mafundi huiita saidtoni. Swali ni itoke wapi, na jibu la haraka ambalo wengi hulishika ndilo baya: itoke kwenye matangazo, kwani si yamo humohumo?

Yamo, ila yamechelewa. Matangazo yanayorudi kwa setilaiti yamesafiri hadi kwenye chombo kilicho kilomita 35,786 juu ya ikweta na kushuka tena. Kwa mwendo wa mwanga, kupanda na kushuka huko peke yake ni kama milisekunde 240, kabla hujaongeza muda wa mashine zinazobana na kufungua mawimbi ya video. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alichapisha alichokiona kwa watu waliosikia sauti zao wenyewe zikiwarudia kwa kuchelewa: walivuta maneno, wakarudia silabi, wakakwama. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba uharibifu mkubwa hutokea kwenye uchelewaji wa karibu milisekunde 200. Umbali wa setilaiti, kwa bahati mbaya yetu, unaangukia palepale panapouma. Hata msemaji hodari hawezi kujizoeza dhidi ya hilo kwa mazoezi ya siku mbili.

Kwa hiyo gari la matangazo linatakiwa limtumie mtangazaji mchanganyiko wa kila kitu kasoro sauti yake. Mafundi huuita N-1: wote walio hewani ukitoa mmoja. Kila mtangazaji ana N-1 yake, na mwandishi wa pembeni mwa uwanja ana ya kwake. Hii ni kazi ya mikisa kubwa, kisanduku cha mezani hakiwezi kuifanya, kwa sababu ukishaipokea sauti iliyokwisha kuchanganywa huna namna ya kuchomoa moja ndani yake. Ikiwa mtangazaji analalamika mwangwi, usiguse kisanduku. Piga simu kwenye gari uulize N-1 yake imetengenezwa au amepewa matangazo mazima.

N-1 ikishapatikana, saidtoni inatengenezwa ndani ya kisanduku chenyewe, kutoka kwenye kikuzio cha maikrofoni, kabla sauti haijaondoka mezani. Hapa kuna jambo la kitaalamu ambalo nalipenda kwa sababu linaeleza malalamiko ambayo mafundi huyachukulia kuwa ni maringo ya watangazaji. Mtu anaposema, sauti yake hufika sikioni kwa njia ya mifupa ya fuvu pia, papo hapo. Ikiwa saidtoni itachelewa hata milisekunde 2 tu, hasikii mwangwi, maana muda ni mfupi mno. Kinachotokea ni kwamba mawimbi mawili yanakutana yakiwa yamepishana, na baadhi ya masafa yanafutana. Kwa milisekunde 2, yanayofutika ni ya hezi 250, 750, 1,250 na kuendelea hivyo kila baada ya hezi 500. Hizo hezi 250 na 750 ni mwilini kabisa mwa sauti ya binadamu. Mtangazaji atakuambia anajisikia kama yuko ndani ya pipa. Yuko sahihi, na nobu yoyote utakayoigeuza haitamsaidia mpaka uchelewaji uondoke.

Kuna ndugu wa tatizo hilo asiye na uchelewaji wowote: waya wa maikrofoni au wa hedifoni uliogeuzwa pini 2 na 3. Hapo saidtoni inakuja kinyume na mtetemo wa mifupa, na besi ya mtangazaji inayeyuka masikioni mwake ingawa hewani anasikika vizuri. Badilisha waya, msemaji atatabasamu.

Tuje kwenye laini ya prodyuza. Utaratibu uliozoeleka tangu enzi za analogi ni ule wa IFB, ambapo mtangazaji husikia matangazo mpaka prodyuza abonyeze kitufe. Akibonyeza, matangazo hushuka au hukatika na sauti yake huchukua nafasi. Kwenye mfumo wa RTS, ambao umeenea mno, waya mmoja wa XLR wa pini tatu hubeba kila kitu. Pini 1 ni ya pamoja. Pini 2 hubeba umeme wa karibu volti 30 pamoja na sauti inayokatizwa. Pini 3 hubeba sauti isiyokatizwa. Kisanduku kinajiendesha kwa umeme huohuo na kinapata vyanzo viwili kwa mpigo, jambo ambalo kwa waya mmoja ni akili nyingi. Fundi huamua tu: chaneli ya kwanza sikio hili, ya pili sikio lile.

Lakini chomeka kisanduku hichohicho kwenye laini ya mfumo mwingine, Clear-Com, ambayo plagi yake inafanana kabisa, na mambo yanageuka. Kule pini 2 ina umeme mtupu na sauti iko pini 3 peke yake. Kisanduku kinawaka taa, sikio moja linasikia, la pili ni kimya. Mtu asiyejua atabadilisha hedifoni, kisha atabadilisha waya, kisha atalaumu kisanduku. Hakuna kilichoharibika. Mpangilio unamtafuta mtu kwenye chaneli asiyokuwepo. Hamisha chanzo hicho kiende masikio yote mawili, au tumia lile la pili kwa laini nyingine, kazi imekwisha.

Sikio lipi apewe prodyuza? Nimewasikia mafundi wakibishana kana kwamba kuna sheria. Haipo. Wengine humweka kushoto, wengine kulia, na mtangazaji mwenye sikio moja dhaifu, nao wapo wengi baada ya miaka ya kazi hii, ana haki ya kuchagua. Ninachokishikilia ni kimoja: maelekezo na matangazo visikae sikio moja kwa sauti zinazolingana. Ubongo hutenganisha sauti kirahisi zaidi zikitoka pande mbili kuliko zikirundikana upande mmoja, na hiyo ndiyo faida yote ya kuwa na hedifoni ya njia mbili. Matangazo na saidtoni upande mmoja, prodyuza upande wa pili, mwenzake pande zote kwa chini kidogo: huo ni mwanzo mzuri kwa mtu ambaye hujawahi kufanya naye kazi. Na watangazaji wawili wa mechi moja wapangiwe sawasawa, ili wakibadilishana viti wakati wa mapumziko asiwepo anayejikuta prodyuza amehamia upande usiotarajiwa.

Modeli za zamani za Studio Technologies hupangwa kwa swichi ndogo zilizojipanga mstari chini ya kisanduku, za kusukumwa kwa ncha ya kalamu au bisibisi nyembamba. Kila chanzo kina swichi zake: kiende kushoto, kiende kulia, au kote. Wengi huzidharau swichi hizi kwa sababu hazina kioo wala rangi. Mimi naona zina sifa moja ambayo programu haina: ukikigeuza kisanduku unaona mpangilio wote kwa jicho, hata umeme ukiwa umezimwa.

Kati ya swichi hizo kuna moja ambayo, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko zote. Inaamua nini kitokee nobu ya hedifoni ikigeuzwa mpaka mwisho wa chini: sauti ishuke desibeli 40 na kubaki hapo, au izime kabisa. Kwa kusoma tu utadhani ni hiari ya mtu. Fikiria mtangazaji aliyechoshwa na prodyuza mwenye maneno mengi, anageuza nobu hadi mwisho, anasahau. Dakika ya 44 kituo kinatakiwa kwenda kwenye matangazo ya biashara, prodyuza anaita, anaita tena, na mtangazaji anaendelea kueleza historia ya mlinda mlango. Ikiwa swichi iko kwenye desibeli 40, kitu kinasikika kwa mbali, kinamkumbusha. Ikiwa iko kwenye kuzima, mtu atatumwa kukimbia ngazi. Nobu inayomhusu prodyuza isizime kamwe. Watangazaji watalalamika kwamba wanataka mamlaka kamili juu ya masikio yao, na nawaelewa, ila wanayemsikiliza ndiye anayejua saa.

Modeli hizo pia humpa fundi uchaguzi kuhusu nobu mbili zenyewe: kila moja iongoze sikio lake, au moja iongoze sauti nzima na ya pili igawe uwiano kati ya kushoto na kulia. Kwa mtangazaji mgeni, nobu kwa kila sikio inaeleweka bila somo. Njia ya uwiano ni nzuri kwa mzoefu anayetaka kupunguza yote kwa mkono mmoja bao linapofungwa na uwanja kulipuka.

Siku hizi waya wa shaba wa IFB unapisha waya wa mtandao. Dante, teknolojia ya kampuni ya Audinate ya Australia iliyoanzishwa mwaka 2006, hupitisha sauti nyingi ndani ya kebo moja ya mtandao, na kebo hiyohiyo hukipa kisanduku umeme wake. Mpangilio hufanywa kwenye kompyuta. Programu ya Dante Controller huonyesha gridi: watumaji wamepangwa juu, wapokeaji wamepangwa kushoto, unabofya pale wanapokutana na alama ya kijani inatokea. Ni rahisi kiasi cha kulewesha.

Mtego wa kwanza ni huu. Mpokeaji mmoja hupokea chanzo kimoja tu. Ukibofya cha pili kwenye mstari uleule, cha kwanza kinaondoka bila kuaga. Mtandao hauchanganyi sauti. Uchanganyaji hufanyika ndani ya kisanduku, kwa hiyo idadi ya chaneli ambazo kisanduku kinaweza kupokea ndiyo idadi ya wageni utakaoweza kuwakaribisha. Ile karatasi ya safu mbili hapa inakuwa ya lazima.

Upande wa pili, mtumaji mmoja anaweza kusikilizwa na wapokeaji wengi, na hapo ndipo faida kubwa ilipo. Zamani, ili mtangazaji amsikie mchambuzi wake, sauti ilikwenda kwenye gari, ikachanganywa, ikarudi. Sasa kisanduku cha mtangazaji kinachukua maikrofoni ya mchambuzi moja kwa moja kutoka kisanduku cha jirani, kwa uchelewaji wa milisekunde 1 ambao Dante hutumia kwa kawaida. Gari la matangazo likipotea kwa dakika mbili, wawili hao bado wanasikilizana. Mambo kama haya hayaonekani kwenye vipeperushi vya mauzo, na ndiyo ningeyalipia.

Mtego wa pili ni majina. Mpokeaji hukumbuka chanzo chake kwa jina la kifaa na jina la chaneli. Fundi mwenye mkono mwepesi akibadilisha jina la kisanduku katikati ya maandalizi, wote waliokuwa wanakisikiliza hukatika. Jambo hilohilo huwa neema kisanduku kinapoharibika: kiondoe, weka cha akiba, kipe jina lilelile na chaneli majina yaleyale, na waliokuwa wanakisikiliza watarudi wenyewe. Chaneli ambazo kisanduku kipya kinapaswa kupokea zitahitaji kubofywa upya, maana kumbukumbu hiyo ilikaa ndani ya kile kilichokufa. Hakikisha pia kila kifaa kiko kwenye kilohezi 48, na kwenye swichi ya mtandao zima ile huduma ya kubana matumizi ya umeme, kwani hukwamisha saa inayowaongoza wote.

Kuhusu viwango, neno moja. Marekani hulinganisha mitambo kwenye desibeli 20 chini ya kilele cha kidijitali, Ulaya kwenye 18. Tofauti ya 2 ni ndogo, lakini chanzo cha huku kikikaa pamoja na cha kule, mmoja atakuwa anamfunika mwenzake kidogo wakati wote na hutajua sababu.

Afya ya masikio inastahili zaidi ya neno moja. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1 tu. Mechi ni dakika 90 bila kuhesabu mapumziko, maandalizi na mahojiano. Mtangazaji anayeongeza sauti ili ashinde kelele za uwanja anafika huko bila kugundua. Dawa ni hedifoni inayofunga masikio barabara, kama zile za Sennheiser HMD 26 au beyerdynamic DT 290, ili kelele zibaki nje na sauti ya ndani iwe ya chini. Ukimwona mtu amevua sikio moja ili amsikie mwenzake, usimkemee. Amekuambia kwamba mwenzake hayumo kwenye hedifoni.

Kupima ni kwa mmojammoja. Kila nobu katikati, vyanzo vyote kimya, kisha prodyuza ahesabu hadi tano peke yake na mtangazaji aguse sikio analosikia. Halafu mchambuzi. Halafu matangazo. Halafu mtangazaji aseme mwenyewe, abonyeze kitufe cha kukohoa, na saidtoni ikikatika ajue ndiyo dalili kwamba hayuko hewani. Bandika kipande cha utepe chini ya kila nobu na uandike jina.

Mashindano ya CHAN ya Agosti 2025 yaliwapeleka watangazaji wetu Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala, na Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa katika nchi hizohizo tatu. Watangazaji wa Kiswahili watazunguka viwanja hivyo, kila mara wakikalia kiti kilichoandaliwa na mafundi wengine. Ombi langu kwa wakuu wa mitambo wa vituo vya Kenya, Tanzania na Uganda ni ukurasa mmoja tu wa makubaliano: prodyuza sikio lipi, nobu yake ishuke desibeli ngapi, N-1 itoke wapi, na visanduku viitwe majina gani. Uandikwe sasa, kabla ya ratiba kubana.